Nungwi au Paje? Chagua ufukwe wa Unguja kwa kuangalia maji

Shemeji yangu alinipigia simu saa nne asubuhi, siku yake ya kwanza upande wa mashariki wa Unguja. Hakusalimia. "Shemeji, bahari imekwenda wapi?" Alikuwa ametoka Dodoma na watoto watatu, amelipia chumba siku nne kwa sababu ya picha moja aliyoiona kwenye simu: maji ya buluu yanagonga ngazi za baraza. Sasa amesimama kwenye ngazi zile zile, na mbele yake ni mchanga mtupu, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali kwenye mwamba. Kijana wa mapokezi alimwambia, "Yatarudi tu, mama." Yalirudi kweli, mnamo saa nane, watoto wameshaungua jua na wamelala.

Picha haikuwa ya uongo. Ilipigwa saa kumi jioni, siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Tangu hapo mtu akiniuliza ufukwe upi mzuri Unguja, mimi humuuliza kwanza, "Mnakuja mwezi ngapi?" Wengi hunijibu "wa saba" au "wa kumi na mbili." Nami nakusudia ule wa angani, una siku ngapi tangu kuandama.

Kwanza maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja mbili baadaye huwa bamvua, na tofauti ya maji yakijaa na yakipwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mnamo tarehe 8 au 9 na 22 au 23 za Kiislamu, huwa maji mafu: hayajai sana, wala hayatoki sana.

Saa ndizo zinazowaponza wageni. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume, asubuhi ya saa nne ndiyo yanakuwa juu. Kwa hiyo mgeni anayeamka, akanywa chai yake taratibu na kushuka pwani siku ya bamvua, huikuta bahari imeshaondoka. Angekuja wiki moja baadaye, chai ile ile, saa ile ile, angeikuta nyumbani.

Lakini mita 4 hizo hazifanani kila pwani. Mashariki, kuanzia Matemwe kupitia Paje mpaka Jambiani, sakafu ya bahari ndani ya mwamba ni bapa kama sinia. Ukimwaga sinia kidogo tu, yote inakauka, na ndiyo maana maji yanaweza kukimbia kilomita nzima au zaidi. Kaskazini-magharibi, Nungwi na Kendwa, ufukwe unashuka haraka kama ukuta wa ndoo. Maji yakipungua yanashuka chini, hayaendi mbali. Unapiga hatua chache za ziada kisha unaogelea.

Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Nungwi na Kendwa

Kama mna watoto wanaotaka kuwa majini asubuhi mpaka jioni, au mna siku mbili tu na hamna nafasi ya kungojea maji, nendeni huku. Sisemi hivyo kwa mapenzi. Mimi mwenyewe Nungwi nikikaa zaidi ya siku mbili nachoka. Lakini maji yapo, na jua linazama baharini mbele yako, jambo ambalo upande wa Paje hulipati.

Kati ya hizo mbili, Nungwi ni mji. Kuna mnara wa taa wa zamani, kuna mafundi wanaounda majahazi pwani kwa tezo na misumari, kuna mnada wa samaki ambapo mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na nguru. Kando ya mnara kuna bwawa la asili wanamotunzwa kasa. Mkae upande wa magharibi wa kijiji. Upande wa mnara, mashariki, mwamba uko karibu na maji hutoka kama kwingineko, na wengine huagiza chumba "Nungwi" bila kujua kwamba Nungwi ina pande mbili. Tena kuna mapapasi, wale wachuuzi wanaowaganda wageni. Utauziwa safari ya pomboo, viungo, kofia, na rafiki. Neno "ahsante, siku nyingine" lisemwe kwa tabasamu na bila kusimama, ukisimama umenunua.

Kendwa, kilomita kama tatu kusini, ni ufukwe mpana zaidi, mchanga mtupu bila mawe, na kijiji kimejitenga na pwani. Ni safi na ni rahisi, ila uswahili wa kuuona ni mdogo. Chakula ni cha hoteli na bei ni za hoteli. Mwezi mpevu kuna muziki mpaka alfajiri, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aangalie kalenda kwa sababu ya pili.

Unaweza kutembea kutoka Nungwi hadi Kendwa kwa mguu ufukweni, na ni matembezi mazuri sana, lakini maji yakiwa yametoka. Yakijaa ya bamvua yanapiga ukuta moja kwa moja na njia inakatika. Nimeona watu wamebeba viatu mkononi na simu mdomoni, wameshikilia jabali, wanangoja.

Huko mnafika kwa daladala namba 116 kutoka mjini. Ukienda Kendwa unashuka njia panda na kutembea, au unachukua bodaboda.

Paje na Jambiani

Hapa ndipo ninapokwenda mimi, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Paje ni ya upepo. Ndani ya mwamba maji ni ya kina cha kiuno, sakafu mchanga, na upepo unakuja kutoka baharini bila kizuizi. Ndiyo maana mji mzima umejaa kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya ubao. Msimu wake ni miwili: upepo wa kusi, kiasi cha Juni mpaka Septemba, na wa kaskazi, Desemba mpaka Februari. Kama unataka kujifunza mchezo huo, katika kisiwa hiki hakuna mjadala, ni Paje. Kama hutaki, ujue kwamba siku ya upepo mzuri utaogelea katikati ya kamba na mbao zinazokwenda kasi kuliko pikipiki, na mchanga utaingia mpaka kwenye chapati. Vijana wasio na watoto huipenda kwa usiku wake pia. Mikahawa ipo mingi, na kila wa pili unapiga muziki.

Jambiani inaanza pale Paje inapochoka. Ni kijiji kirefu kilichojinyoosha sambamba na bahari kwa kilomita kadhaa, nyumba za mawe na makuti, misikiti, skuli, na nyumba za wageni zimeingia katikati yake badala ya kujitenga nyuma ya ukuta. Asubuhi unaamshwa na adhana na majogoo. Bei za vyumba kwa kawaida ni za kibinadamu kuliko Kendwa, na chakula cha nyumbani kinapatikana: wali wa nazi, pweza wa nazi, urojo ukibahatika.

Na bamvua, ambalo Nungwi ni jambo la kusahau tu, Jambiani ndiyo shughuli yenyewe. Nenda pwani saa mbili na nusu asubuhi, maji yanapotoka. Wanawake wanashuka na kamba begani na polo tupu, wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho kilianza upande huu mwaka 1989. Vigingi vimepigwa safu safu mchangani, kamba imefungwa kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba mwani umening'inia vishungi vishungi. Siku moja nilikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa akikagua kamba zake. Anashika kila kishungi, anakibinya kidogo, kilicholegea na kugeuka cheupe anakikata na kukitupa, kizima anakifunga upya kwa kifundo kimoja cha haraka ambacho sikuweza kukifuata kwa macho. Nilimuuliza mbona cheupe kinatupwa. Akasema, "Maji yamekuwa moto mwanangu. Huu umepikika kabla hujafika sokoni." Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi haivumilii joto la maji ya kina kifupi, na wengi wamebaki na ile ya bei ndogo.

Mbali zaidi, karibu na mwamba, kuna wanaochokoa pweza. Fimbo ya chuma, macho chini, hatua moja moja. Mkitaka kwenda nao au kupiga picha, ombeni kwanza. Wale wako kazini na wana saa tatu tu kabla maji hayajawafukuza.

Jambo moja la lazima: viatu. Kwenye nyasi za bahari na mawe wamejaa wale viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungu, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni safari imeharibika. Yeboyebo za dukani zinatosha kabisa. Wauza viatu maalumu vya bahari watakwambia hazitoshi.

Basi kati ya Paje na Jambiani, nani aende wapi? Mwenye kaiti na mwenye umri wa miaka 25 aende Paje. Familia, wazee, mwandishi anayetaka kumaliza kitabu, waliofunga ndoa juzi na hawana haja ya muziki, waende Jambiani. Wenye watoto watafute siku za maji mafu. Ndani ya mwamba siku hizo maji hayakimbii mbali, asubuhi yanakuwa mpaka kifuani mwa mtoto, yametulia na vuguvugu, na naona ni bora kuliko Kendwa kwa anayejifunza kuogelea. Hilo shemeji hakulijua, alikuja siku mbili baada ya mwezi mpevu.

Daladala 309 inakufikisha Jambiani kupitia Paje. Njiani unapita msitu wa Jozani wenye kima punju, ambao hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Shuka, waone, panda gari linalofuata.

Matemwe na Kiwengwa

Matemwe ina sababu moja kubwa: Mnemba. Kisiwa hicho kidogo kipo mbele yake, na matumbawe yanayokizunguka ndiyo mahali maarufu kupita pote Unguja pa kuvaa miwani na kutazama samaki. Kisiwani kwenyewe hushuki, ni cha hoteli binafsi, lakini majini unaingia ukilipa kiingilio cha hifadhi. Kutoka Matemwe ni mwendo mfupi wa mashua. Kutoka Nungwi ni mbali zaidi, na bahari ikichafuka utafika umeshatapika chai. Mwambie nahodha mwondoke mapema, kwani kufikia saa nne mashua hapo zinapangana kama daladala kituoni. Ufukwe wenyewe ni mweupe, mrefu, kimya, na unakauka vibaya siku za bamvua. Kama Mnemba si lengo lako, sioni sababu ya kuuchagua mbele ya Jambiani.

Kiwengwa ni ya hoteli kubwa za kila kitu ndani, na wageni wengi ni Waitaliano. Wauza vinyago wa pale husema Kitaliano cha kuombea mkate na zaidi. Mtanzania anaweza kufurahia wiki nzima humo bila kugusa Unguja, na kuna wanaotaka hivyo hasa, sawa. Jirani yake, Pongwe, ni kighuba kidogo chenye minazi ambacho mimi ningekichagua mbele ya Kiwengwa siku yoyote, kwa usiku mmoja au miwili tu.

Michamvi, rasi yenye pande mbili

Ukifuata barabara kutoka Paje kwenda kaskazini, ukapita Bwejuu, unaingia rasi nyembamba. Upande wa mashariki ni Pingwe, penye ule mkahawa uliojengwa juu ya jiwe katikati ya bahari. Maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Unaweza kwenda kwa miguu ukarudi kwa mashua baada ya chakula kimoja, na hakuna pahali pengine mtu hufahamishwa maji kupwa na kujaa kwa bili kubwa kiasi hicho. Upande wa pili, mwendo mfupi tu, ni Kae, inayotazama magharibi, ghuba ya Chwaka na mikoko yake. Ndipo mahali pa mashariki ya kisiwa unapoweza kuliona jua likizama majini. Ukikaa Paje au Jambiani na unalilia machweo ya Kendwa, kodi bodaboda saa kumi na moja.

Kizimkazi

Sipendekezi kulala Kizimkazi kwa ajili ya ufukwe. Kuna vighuba vizuri chini ya majabali, lakini maji yakitoka huoni pa kuogelea. Watu huenda kwa pomboo. Nenda alfajiri, na mwambie nahodha kabla hujapanda kwamba hutaki kuwafukuza wala kuwarukia. Mashua kumi zikiwazunguka pomboo wanne, hayo si matembezi. Kilichonileta mimi Kizimkazi mara zote ni msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni mdogo, paa la mabati, na ukifunguliwa mlango ukaliona kibla hutakumbuka pomboo.

Upepo unabadilisha kila kitu

Niliyoyasema juu ya maji yanafaa mwaka mzima. Upepo una misimu yake. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, inapiga mashariki uso kwa uso: baridi kidogo asubuhi, bahari ina vurugu, majani ya bahari yanatupwa mchangani. Nungwi na Kendwa zinakuwa nyuma ya kisiwa, zimejificha, na maji yao yanatulia. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, Matemwe na ncha ya Nungwi ndizo zinazokula upepo. Joto ni kali na wageni ni wengi, na bei zinapanda pamoja nao. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, mvua ni nyingi, hoteli kadhaa hufunga, na zilizo wazi hupunguza bei sana. Kama unaweza kuvumilia siku moja ya mvua kwa kila siku mbili, ni wakati wa kujidai.

Februari mwishoni na Machi mwanzoni, upepo unapobadilika na bahari inatulia kama kioo, sijali ufukwe upi. Popote.

Mwezi wa Ramadhani pia ufikirie. Hoteli zinahudumia kama kawaida, lakini vijijini mchana hakuna mama ntilie wala kula hadharani. Usiku unalipwa, hasa Jambiani, kwa futari. Na mwezi wowote, nguo za kuogelea ni za majini. Ukipita kijijini, jifunge kanga. Hakuna atakayekupigia kelele usipofanya hivyo, watainamisha macho tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Msitake zote

Watu huniletea ratiba ya siku nne yenye Nungwi, Paje, Mnemba na Kizimkazi. Kwenye ramani zinaonekana jirani. Lakini ghuba ya Chwaka imeingia katikati ya kisiwa, hakuna barabara inayofuata pwani yote ya mashariki, na kutoka Paje kwenda Nungwi unazunguka kwa ndani, karibu saa mbili barabarani. Chagueni upande mmoja. Mkiwa na siku nne au tano, laleni mbili za mwisho upande mwingine, mkipitia mjini katikati kwa usiku mmoja, mpate bustani ya Forodhani na vijana wa makachu wanaojirusha baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe zote.

Na upande upi uanze, inategemea mwezi. Bamvua likianguka mwanzoni mwa safari yenu, anzeni Nungwi, mwende mashariki maji yakianza kuwa mafu. Likianguka mwishoni, kinyume.

Shemeji anakuja tena Desemba. Safari hii alinitumia ujumbe kabla ya kulipa chochote, neno moja tu na alama ya kuuliza: "Bamvua?" Nikafungua kalenda ya Kiislamu ukutani, nikahesabu. Anafika mwezi saba. Nikamwandikia: Jambiani siku tatu, kisha Kendwa, na asisahau yeboyebo za watoto, namba moja kubwa kuliko za mwaka jana.